NI NANI ALIYEBEBA MZIGO?

Hotuba iliyosomwa na mwenezi wa Chama mbele ya wanachama katika darasa la jioni la tawi, Dar es Salaam.



Katibu wa tawi aliponiomba nije kuzungumza nanyi jioni hii aliniambia hivi: "Ndugu, darasa letu limekwisha sikia mengi juu ya kodi na ushirika. Safari hii tupe mambo ya ajabu, watu wasisinzie." Nimekubali. Nitawapeni visa vitano vya ajabu, vyote vya vita vimoja, na vyote ni vya kweli. Ni Vita Kuu vya 1914 hadi 1918, vile ambavyo Mwingereza na Mdachi walipigana juu ya ardhi yetu kwa ugomvi ulioanza kwao Ulaya.

Lakini nami nina ombi moja. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwanafunzi asiyepewa swali husikiliza kwa masikio tu, bali aliyepewa swali husikiliza kwa akili. Basi chukueni swali hili: kila nitakapomaliza kisa, jiulizeni moyoni, "Ni nani aliyebeba mzigo?" Mwisho tutalijibu pamoja.

NYUKI WA TANGA

Kisa cha kwanza ni cha Tanga. Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Kiingereza ilitia nanga mbele ya mji, na nahodha wake, Caulfeild, akashuka kuwaarifu wakubwa wa mji kwamba mapatano ya kutopigana katika bandari yamekwisha, hivyo wasalimu amri. Nyuma yake zilikuwa zinakuja meli zilizochukua jeshi la watu wapatao 8,000 kutoka Bara Hindi, chini ya Jenerali Aitken. Ukitaka kumvamia jirani yako, humbishii hodi kwanza kisha ukamwachia siku mbili ajitayarishe. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kamanda wa Wadachi, von Lettow-Vorbeck, alipata nafasi ya kuteremsha askari wake kwa gari la moshi kutoka upande wa Moshi, hata akawa na watu kama 1,000.

Vita vikubwa vilipiganwa tarehe 4. Humo vichakani na mashambani kulikuwa na mizinga ya nyuki. Risasi zilipoitikisa, nyuki wakatoka kwa hasira. Waliwauma Waingereza, wakawauma Wahindi, na Wadachi nao hawakusalimika. Nyuki hakuwa na chama katika vita vile. Aliyemvunjia nyumba yake ndiye adui yake. Hata hivyo Waingereza wengine waliamini kwamba ni hila ya Mdachi, kwamba alitega nyuki kwa kamba! Jeshi la watu 8,000 likarudi melini, likiacha ufukoni bunduki kwa mamia na risasi laki kadhaa. Walipohesabu watu wao waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea, walikuwa zaidi ya 800.

Watu hupenda kukisimulia kisa hiki kwa sababu ya nyuki. Mimi nataka mkumbuke reli. Bila reli ile Lettow asingefika Tanga kwa wakati. Ilianza kujengwa hapo Tanga mwaka 1893, na ilitandazwa kwa mikono ya Waafrika waliobeba mataruma na vyuma mabegani. Na zile bunduki na risasi zilizoachwa ufukoni hazikutembea zenyewe kwenda kambini kwa Wadachi.

MIZINGA ILIYOTOKA MAJINI

Kisa cha pili. Wadachi walikuwa na manowari moja iliyoitwa Königsberg. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 iliivizia manowari ya Kiingereza, Pegasus, katika bandari ya Unguja ilipokuwa ikitengenezwa mitambo yake, ikaipiga mpaka ikazama. Kisha ikakimbilia katika delta ya Rufiji, ikajificha ndani ya mikoko. Waingereza wakaizuia humo kwa miezi mingi, wakaleta na ndege za kuitafuta, jambo lililokuwa geni kabisa siku zile. Mwisho, tarehe 11 Julai 1915, meli mbili za Kiingereza zisizohitaji maji ya kina kirefu ziliingia mtoni zikaiharibu kabisa.

Hapo ndipo ajabu inapoanzia. Meli imekufa, lakini mizinga yake kumi ilikuwa hai. Wadachi waliitoa, wakaitengenezea magurudumu, wakaifanya mizinga ya nchi kavu. Mizinga iliyoundwa kwa ajili ya bahari ikaonekana ikipanda milima, ikivuka mito na kukwama matopeni mbali kabisa na pwani. Mmoja ulifika Ziwa Tanganyika. Leo ukienda Mombasa utauona mmoja kwenye Ngome ya Yesu, na mwingine uko Pretoria, Afrika Kusini.

Mzinga wa manowari hauvutwi na punda wawili. Ulihitaji mamia ya watu kwenye kamba, na mbele yao watu wengine wa kufyeka njia. Ukienda kuutazama mzinga ule wa Mombasa, utajua ulitoka katika meli gani. Walioushika kamba hutawajua hata mmoja.

MIMI NA TOUTOU

Kisa cha tatu kitawachekesha. Katika Ziwa Tanganyika Mdachi ndiye aliyekuwa bwana, maana alikuwa na stima za vita na Waingereza hawakuwa na kitu. Basi huko London wakaamua kuleta mashua mbili za mtambo, kila moja ya urefu wa futi 40. Ofisa aliyepewa kazi hiyo, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Yeye akaziita Mimi na Toutou, ambayo kwa watoto wa Kifaransa ni kama kusema nyau na bwe-bwe. Hakufikiri kwamba huku anakokwenda, mtu akiuliza jina la mashua, atajibiwa, "Mimi"! Huyu ndiye ofisa aliyekuwa akivaa sketi ya khaki mbele ya askari wake, hata watu wa ziwani wakampa jina la utani kwa ajili ya vazi hilo.

Mashua zile zilipakiwa melini Uingereza katikati ya 1915, zikashushwa Cape Town, zikapandishwa gari la moshi mpaka Katanga. Reli ilipokwisha, mbele yao palikuwa na milima ya Mitumba. Zikakokotwa porini zaidi ya maili 100, kwa ng'ombe, kwa mitambo ya mvuke, na kwa nguvu za mamia ya Waafrika waliokata miti, wakajenga madaraja, wakavuta kamba. Mitambo ya mvuke ilipoona kiu, watu walibeba maji vichwani kuinywesha. Kisha zikapanda reli tena, zikateremka mto Lualaba, zikapanda reli tena hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka stima ya Mdachi, Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann.

Mdachi naye alikuwa na ajabu yake Kigoma. Stima yake kubwa, Graf von Götzen, iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, kisha Kigoma, ikaungwa upya. Ule mzinga mmoja wa Königsberg nilioutaja ndio uliofungwa juu yake. Walipoona wanashindwa, Julai 1916 Wadachi waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi, lakini kwanza waliipaka mitambo yake mafuta mazito, wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Ndiyo Liemba ile ile iliyochukua abiria na dagaa wetu kwa miaka mingi baada ya uhuru.

MERIKEBU YA HEWANI

Kisa cha nne. Mwaka 1917 Lettow alikuwa amesukumwa kusini, hana risasi za kutosha wala dawa. Ujerumani wakaamua kumpelekea msaada kwa hewani, kwa chombo kirefu kama samaki kilichojazwa gesi, kilichoitwa L59. Tarehe 21 Novemba 1917 kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kimebeba mzigo wa tani kama 15. Nacho hakikutazamiwa kurudi. Kingefika, kingekatwa chote: nguo yake ifanywe mahema na mavazi ya askari, na vyuma vyake vitumike kwa kazi nyingine.

Kikavuka bahari ya Mediterania, kikapita juu ya jangwa la Misri, kikaingia Sudan. Huko, tarehe 23, kikapata habari kwa simu ya upepo: rudini, mahali pa kushukia pamepotea. Kikageuza. Kilikuwa hewani saa 95, mwendo wa kilomita zipatazo 6,800, bila ya kutua. Kilifika Bulgaria tarehe 25 Novemba. Siku hiyo hiyo Lettow alikuwa akivuka mto Ruvuma kuingia Msumbiji.

Dunia nzima imekistaajabia chombo kile. Sasa tufanye hesabu kidogo ya darasani. Mpagazi mmoja alibeba kama kilo 25. Tani 15 ni kilo 15,000. Gawanyeni: ni mzigo wa watu 600. Mzigo wote wa safari ile ya ajabu ni mzigo wa msafara mmoja wa wapagazi, na misafara kama huo katika nchi hii ilipita kila siku kwa miaka minne. Yenyewe haikugeuzwa njiani kwa simu ya upepo.

SIKU KUMI NA NNE ZA ZIADA

Kisa cha tano ni cha mwisho wa vita. Huko Ulaya vita vilisimama tarehe 11 Novemba 1918. Lettow wakati huo alikuwa amezunguka kupitia Msumbiji hata akaingia Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia. Habari zilimfikia karibu na mto Chambeshi, na silaha akazikabidhi Abercorn, yaani Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba. Ni siku 14 baada ya bunduki kunyamaza Ulaya. Wadachi waliokuwa pamoja naye ni 155, na askari wa Kiafrika zaidi ya 1,100.

Vitabu vingi humwita jenerali asiyeshindwa. Husahau kuongeza kwamba siku ile wapagazi wake walikuwa wengi kuliko askari wake. Jenerali asiyeshindwa alikuwa amebebwa.

SASA TUJIBU SWALI

Ndugu zangu, nadhani kila mmoja amekwisha jibu moyoni. Tulibeba sisi.

Kwa nini watu? Kwa sababu ya mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walioletwa walikufa kwa maelfu. Magari yalikuwa machache, na njia hazikuwako. Kikabaki kichwa cha Mwafrika. Hebu tufanye hesabu nyingine, maana hii ndiyo yenye ukweli wote wa vita vile. Mpagazi ana kilo 25 za unga kichwani. Yeye naye lazima ale, tuseme kilo moja kwa siku. Akienda mwendo wa siku kumi na kurudi siku kumi, atakuwa amekula kilo 20. Kilizomfikia askari ni kilo tano tu. Ukitaka askari apate nyingi zaidi, njia ni mbili: uongeze wapagazi, au umpunje mpagazi chakula. Walifanya yote mawili.

Mwanzo walijiandikisha wengine kwa hiari, kwa ajili ya mshahara. Hiari ilipokwisha, watu walikamatwa. Mwaka 1917 katika Kenya serikali ilitoa amri ya kukusanya wanaume wilaya kwa wilaya. Upande wa Wadachi akida na jumbe walitakiwa kutoa watu, na wanawake na watoto wakafuata misafara wakibeba vyungu na vyakula. Katika makoloni yote Waingereza peke yao walitumia watu wanaokaribia milioni moja. Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Waliwaua homa, kuhara damu na kichomi. Mtu aliyezoea ndizi au wali alipewa unga wa mahindi, na jioni amechoka, kuni zimelowa, akaula haujaiva. Tumbo likakatika, na kesho mzigo ni ule ule.

Walikufa wangapi? Hesabu za serikali zilitaja zaidi ya 40,000. Watafiti waliokuja baadaye wanakisia laki moja hivi, kwa upande wa Waingereza tu. Wala msidhani waliobaki nyumbani walipona. Katika Ugogo majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume. Mvua zilipokataa ikaingia njaa iliyoitwa Mtunya, na maelfu ya watu wakafa.

Msiseme kwamba hakuna aliyeona. Huko Nyasaland mchungaji John Chilembwe aliandika barua kwa gazeti mnamo Novemba 1914, akiuliza kwa nini Mwafrika afe katika vita visivyo vyake, na kwa nini wasiende matajiri na wafanya biashara wakapigane wenyewe. Serikali ililizuia gazeti lile. Januari 1915 akaasi, na mapema mwezi uliofuata akauawa.

Na vita vilipokwisha? Mishahara ya maelfu ya waliokufa ilibaki mikononi mwa serikali, kwa hoja kwamba wenyewe hawajulikani na warithi hawapatikani. Ofisa mmoja wa Wizara ya Makoloni huko London aliandika maneno ambayo maana yake ni hii: mambo haya yangekuwa aibu kubwa, ila walioumia zaidi ni wapagazi, na ni nani anayewajali wapagazi?

KARIAKOO

Sasa twende kwa miguu kutoka ukumbi huu. Pale katikati ya mji, Barabara ya Samora, mtaikuta sanamu ya askari. Zamani Wadachi walikuwa wameweka sanamu ya mkubwa wao, Wissmann. Waingereza wakaiondoa, na mwaka 1927 wakaweka hii ya askari mweusi na bunduki yake. Ni sanamu nzuri. Lakini yeye ana bunduki, hana mzigo. Kule Nairobi walifanya haki kidogo zaidi, maana katika sanamu zao tatu mmoja ni mpagazi. Majina hayapo hapa wala kule.

Sisi wa Dar es Salaam hata hivyo tunayo kumbukumbu yetu, nayo ni kubwa kuliko sanamu yoyote. Waingereza walipouteka mji huu Septemba 1916, waliwaweka wapagazi wao mahali palipokuwa nje ya mji. Jeshi la wapagazi kwa Kiingereza waliliita "Carrier Corps". Watu wetu wakalitamka kwa ulimi wao wenyewe, na mahali pale pakawa Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu ile ile. Kila siku kondakta anapiga kelele, "Kariakoo! Kariakoo!" na sisi tunapanda, tunashuka, tunanunua vitenge na nyanya, tusijue kwamba tumelitaja jeshi zima la wafu.

Wenye vita nao walikuja kukiri. Iko Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917 kwa ahadi kwamba kila aliyekufa vitani atakumbukwa kwa jina, sawa na mwenzake, awe mkubwa au mdogo. Mwezi Aprili 2021 Tume hiyo ilitoa taarifa kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni watu wa Afrika Mashariki na Misri. Wakaomba radhi. Tumesikia. Lakini miaka mia ilikuwa imekwisha pita, na aliyekuwa akingoja habari za mwanawe alikufa akingoja.

YATUPASA NINI?

Huenda mtu akasema, "Ndugu mwenezi, hayo yamepita, na Mwingereza ameondoka tangu 1961. Chama kinahusikaje?" Nitajibu kwa mambo mawili.

La kwanza ni la nyumbani kwangu. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akitueleza habari za baba yake mkubwa. Asubuhi moja jumbe alimwita barazani, akapewa mzigo, akaondoka na wenzake. Hakurudi. Walingoja misimu miwili ya mavuno, kisha wakamsomea hitima pasipo kaburi. Hakuna karatasi yoyote yenye jina lake. Jina lake tunalijua kwa sababu moja tu: bibi alimpa mtoto wake wa kiume, ambaye ni mjomba wangu. Kama mtoto yule angekuwa mwanamke, leo nisingejua hata kwamba mtu huyo alizaliwa. Nawaulizeni, katika ukumbi huu wako wangapi wenye habari kama hii, nao hawajapata kuiandika? Wale wapagazi wenyewe wote wamekwisha fariki. Sasa hata wajukuu wao wanatuaga. Mzee mmoja akifa mwezi huu, pamoja naye huenda yakafa majina matano.

La pili ni la ndani ya Chama, na mnisamehe nikilisema wazi. Mwaka jana nilitumwa kutazama vitabu vya tawi moja. Jina lake sitalitaja, maana si hilo peke yake. Walikuwa wamefanya mkutano mkubwa wa watu mia sita, nao ulifana sana. Taarifa yake ilikuwa kurasa tatu: mgeni wa heshima, waliokaa jukwaani, waliotoa shukrani, kila mtu na cheo chake. Nikawauliza, "Maji ya watu mia sita yalitoka wapi? Ni nani aliyepika? Ni nani aliyelala uwanjani kulinda viti?" Wakatazamana. Mmoja akanijibu, "Ah, ni akina mama na vijana tu."

Ndugu zangu, neno "tu" lile lilinichoma. Yule ofisa wa London aliandika kwamba ni wapagazi tu. Sisi tuliokasirika juu yake tunasemaje? Mkoloni alikuwa na sababu ya kutoandika majina ya watu wetu: aliwahesabu kama mizigo. Sisi tunayo sababu gani? Tukiandika habari za Chama chetu kwa namna ile ile aliyoandika yeye habari za vita vyake, wa jukwaani waandikwe na wa jikoni waachwe, basi tumembadilisha bwana na kuweka kalamu yake ile ile mezani.

Kwa hiyo naleta maombi mawili, na Mwenyekiti akikubali yawe maazimio ya tawi.

Kwanza, tawi lifungue daftari la wapagazi. Lipigwe mistari ya safu tano: jina la mtu na la baba yake, kijiji alichotoka, aliyemchukua, Mdachi au Mwingereza, mahali alikopelekwa, na kama alirudi au hakurudi. Kila kijana wa tawi amwendee mzee mmoja, wa nyumbani kwake au wa mtaani, akae naye, asimharakishe, amsikilize, aandike. Akina mama waulizwe kwanza, maana majina ya waliopotea mara nyingi yamehifadhiwa nao, kwa kuwapa watoto. Na hili nalisisitiza kama mwalimu: msichokijua msikibuni. Pasipo na habari andikeni "haijulikani". Tusije tukawazika watu wetu mara ya pili chini ya hadithi za uongo.

Pili, tangu leo kila taarifa ya mkutano iandike majina ya waliochota maji, waliopika, waliobeba viti na waliolinda usiku. Haitamaliza wino wa Chama.

Mtu mmoja aliniuliza, haya yatatupa nini? Hayatatujengea shule wala zahanati. Lakini shule na zahanati nazo hujengwa kwa watu kubeba mawe na mchanga, na mtu hubeba kwa moyo zaidi mahali anapojua kwamba amehesabiwa kuwa mtu. Yule mpagazi wa 1917 alibeba mzigo wa mwingine, kwenda asikokujua, kwa vita visivyo vyake, na jina lake halikuulizwa. Sisi tunabeba mzigo wetu wenyewe. Tofauti hiyo lazima ionekane hata katika vitabu vyetu.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Daftari nimekuja nalo, lile pale mezani mbele ya Katibu, pamoja na kalamu mbili. Ukurasa wa kwanza nimekwisha upiga mistari, na mstari wa juu nimeandika jina la baba mkubwa wa bibi yangu. Safu ya nne nimeandika "haijulikani". Mwenye jina la pili na asogee.

Uhuru na Umoja!